Re: Mitaa ya London yenye kodi ya unafuu

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nimepata kazi London, naanza baada ya wiki sita, ofisi iko Canary Wharf. Kila ninayemuuliza anataja mtaa wake, mmoja Peckham, mwingine Hackney, mwingine anasema Stratford ndo kwetu, nikiingia mtandaoni kuangalia kodi nachoka mwenyewe. Nataka chumba tu, niko peke yangu, shea sina shida nayo. Naombeni mnielekeze wapi bado kuna unafuu na nini nikikimbie. Asanteni.

———

Marhaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi.

Hao waliokutajia Peckham na Hackney hawakudanganyi ila wanakupa London waliyofikia wao. Hackney ilikuwa ya watu wa mfuko wetu kweli, halafu 2010 reli ya Overground ikaletwa Dalston, Peckham ikaunganishwa mwishoni mwa 2012, Stratford mwaka huohuo ikapata Olimpiki, na kila reli ilipopita kodi ilikuja nyuma yake mbio. Elephant and Castle nayo hata usiulize, maghorofa ya zamani ya kaunsili (halmashauri ya eneo) yamebomolewa, soko la ndani likafungwa 2020, waliobaki pale ni wenye mikataba ya zamani na wenye hela mpya. Ukiona mtaa umeshasifiwa kwa unafuu mpaka sifa zimekufikia wewe ambaye hujapanda hata ndege, jua umeshachelewa. Kwa hiyo acha kuuliza mtaa, uliza kwanza treni ya kazini kwako inaishia wapi, halafu pale inapoishia uliza basi.

Na wewe una bahati manake treni ya Elizabeth line, ile iliyofunguliwa Mei 2022, inapita hapohapo Canary Wharf. Kwa kusini ya mto Thames inaishia Abbey Wood, zoni 4 (nauli za treni zinahesabiwa kwa zoni, 1 ndo katikati ya jiji), na toka pale mpaka kazini kwako ni dakika kumi na kitu tu. Sasa wenye nyumba wa Abbey Wood na Woolwich nao hawajalala, nyumba ya kutembea kwa miguu mpaka stesheni utailipia hiyo treni ndani ya kodi kila mwezi. Rudi nyuma dakika kumi, kumi na tano za basi. Thamesmead nzima haina stesheni, watu wanashuka na basi mpaka Abbey Wood, na hiyo kero ya basi ndo inayoshikilia kodi isipae. Kuna mpango wa kuivusha DLR, ile treni nyepesi, chini ya mto mpaka huko, kwa hiyo nayo ina siku zake. Plumstead iko katikati ya Woolwich na Abbey Wood, watu wanairuka kwa sababu haina jina, wewe usiiruke.

Upande wa juu wa mto Elizabeth line ina tawi jingine, Forest Gate, Manor Park, Ilford, Seven Kings, Goodmayes. Ukitokea huko unabadilisha Whitechapel unarudi Canary Wharf, siyo shida. Kadiri unavyopita Ilford kwenda nje ndo vyumba vinavyopumua kidogo. Barking nayo iangalie, unachukua treni mpaka West Ham unaingia treni ya Jubilee umefika, na wewe huko kote hugusi zoni 1, kitu ambacho kwenye nauli kinaonekana mwisho wa mwezi. Wengi wanaopanga hawaliwazi hilo, wanaangalia ramani wanaona pako mbali na katikati wanakata tamaa, wakati katikati wewe unakwenda kufanya nini?

Nauli ya basi ni ileile London nzima hata ulale ndani ya basi mpaka mwisho, na ukibadilisha basi ndani ya saa moja hulipi tena. Kwa hiyo basi la kukupeleka stesheni linakula muda wako, hela yako linaigusa kidogo tu. Lakini huo muda upime mwenyewe, usipimiwe na tangazo. Mimi nilishawahi kuona chumba Jumamosi saa sita mchana, basi tupu, dakika nane tuko stesheni, nikafurahi nikalipa. Jumatatu saa moja asubuhi nimesimama kituoni na mvua, basi la kwanza limejaa halikusimama, la pili vilevile, la tatu dereva kafungua mlango wa nyuma tu watu washuke. Nilifika kazini nimechelewa dakika arobaini siku ya kwanza. Tangu hapo chumba nakiona mara mbili, mara ya pili sikanyagi hata ndani, nakwenda kituoni kwake asubuhi ya siku ya kazi nasimama kama mpangaji.

Chumba hichohicho kilikuwa na kabati kubwa limesukumwa ukutani na rangi inanukia mpya. Sikujiuliza. Mwezi wa kumi na moja nalisogeza kutafuta chaja iliyoanguka, ukuta wote nyuma mweusi kwa ukungu, nguo zilizo chini kabatini zimeshaanza kunuka. Siku hizi nikiingia chumba cha watu nasogeza kabati kwanza, salamu baadaye (natania, salamu natoa, ila mkono uko kwenye kabati). Na cheti cha nyumba cha nishati (kinaonyesha nyumba inakula umeme na gesi kiasi gani, A ndo bora) unaweza kukitafuta mtandaoni mwenyewe kwa anwani, hulipii kitu. Nyumba ya kupangisha inatakiwa iwe angalau daraja E, lakini E na C kwenye bili ya Januari ni ndugu wasiosalimiana.

Kitu kingine ni kodi ya kaunsili (council tax), siyo ile ya pango, hii inakwenda kwa halmashauri. Kila kaunsili ina bei yake, barabara moja inaweza kuwa mpaka, kushoto wanalipa hivi kulia vile. Croydon mwaka 2023 walipandisha asilimia 15 kwa mkupuo mmoja baada ya kaunsili kuishiwa hela, Wandsworth inajulikana kwa kuwa chini. Kwenye nyumba ya kushea ambako kila mtu kapanga chumba chake kwa mkataba wake, kwa kawaida mwenye nyumba ndo analipa, lakini hiyo "bili zote ndani" iwe kwenye maandishi, siyo kwenye simu. Ukikaa peke yako kwenye fleti omba punguzo la mtu mmoja, ni asilimia 25 na hawakupi bila kuomba.

———

Kaka kamaliza habari ya mitaa, mimi naongezea ya hela manake huko ndo wageni wanakoliwa.

Dada (au kaka, samahani hukusema), kuanzia Juni 2019 hapa Uingereza ajenti haruhusiwi kukutoza ada ya kujaza fomu, ya kukuchunguza, ya mkataba, hakuna. Pesa ya kushikia chumba isizidi kodi ya wiki moja. Dipoziti isizidi wiki tano kwa kodi zetu hizi za kawaida, na ndani ya siku 30 mwenye nyumba awe ameipeleka kwenye mojawapo ya mifuko mitatu inayotambulika na akupe karatasi yake. Mimi yangu haikupelekwa popote, siku nahama naambiwa imeliwa na usafi, zulia lenyewe nililikuta na doa la pasi. Nilichookoka nacho ni picha, siku ya kuingia nilipiga kila kona mpaka ndani ya oveni, nikajitumia kwa imeili ili tarehe ibaki. Nilipotaja kwamba mwenye nyumba asiyeipeleka dipoziti anaweza kuamriwa kulipa mpaka mara tatu yake, simu yangu ikaanza kupokelewa.

Halafu sheria mpya ya kuanzia 1 Mei 2026, hii wageni muishike. Zamani kama huna mdhamini wa hapa wanakuambia leta miezi sita mbele, watu walikuwa wanakopa ukoo mzima. Kuanzia tarehe hiyo hawaruhusiwi kudai zaidi ya mwezi mmoja, hawaruhusiwi kuwapiganisha mnada juu ya kodi iliyotangazwa, na kukutoa bila sababu hakuna tena. Lakini, na hii lakini ni kubwa, ukipanga chumba ndani ya nyumba anayoishi mwenye nyumba mwenyewe wewe ni mgeni wake tu kisheria, hiyo kinga nyingi haikuhusu na dipoziti halazimiki kuipeleka kwenye mfuko. Siyo kwamba ni vibaya, mimi nilianzia huko na mama yule alikuwa mtu mwema sana, ila usimpe dipoziti kubwa.

Na usitume hata pauni kabla hujaingia ndani ya mlango. Ukiambiwa mwenye nyumba yuko nje ya nchi funguo zitakuja kwa posta, funga hiyo simu. Lipia wiki mbili za chumba cha muda ukifika, utaona ni ghali, ni nafuu kuliko kuibiwa. Wakati unasubiri andaa eVisa yako (viza ya mtandaoni) ifunguke vizuri, mwenye nyumba atakuomba ile namba ya kuhakiki haki ya kupanga (share code), unaitoa mwenyewe mtandaoni na inadumu siku 90.

———

Mimi ni kaka, dada yangu, asante sana! Wote asanteni, nilikuwa karibu nitume pesa ya chumba Stratford kwa mtu ambaye "yuko safarini" kweli.

Nimepata viwili vya kuona wiki nikifika, kimoja Plumstead kimoja Seven Kings. Cha Seven Kings wanaishi watu sita kwenye nyumba, hiyo ni sawa?

———

Wakiwa watano au zaidi ambao siyo familia moja nyumba lazima iwe na leseni ya kaunsili. Rejista iko wazi, waandikie kaunsili ya eneo hilo anwani kamili uulize. Isipokuwemo achana nayo hata kodi ikiwa tamu. Ikiwemo, nenda na chaja ya simu ujaribu soketi zote, fungua maji ya moto uhesabu yanachukua muda gani, na ukikutana na mpangaji kwenye korido muulize boila (mtambo wa kupasha maji na nyumba) mara ya mwisho iliharibika lini na ilitengenezwa baada ya siku ngapi. Mwenye nyumba akiwa anakufuata nyumanyuma asikupe nafasi ya kuuliza hilo, mwambie unaomba kwenda msalani, watu huwa wanaongea karibu na jikoni.