Naomba ushauri: naweka alama kwenye picha za angani, nahofia zinafundisha silaha

BintiMuheza

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Mimi ni Mtanzania, niko Nairobi mwaka wa tatu sasa. Kibarua changu ni kuweka alama kwenye picha ili akili mnemba ijifunze kutambua vitu. Tulianza na picha za barabarani: magari, taa, watoto wanaovuka. Tangu Januari timu yetu imehamishiwa mradi mwingine. Picha zote zimepigwa kutoka juu, nyingi za usiku kwa kamera ya joto, mtu anaonekana kama punje ya mchele. Unachora kisanduku halafu unachagua: gari, pikipiki, mtu, mtu mwenye kitu kirefu. Mteja hatumjui. Nilipouliza niliambiwa ni mambo ya ulinzi wa mipaka, nikakumbushwa kwamba nilisaini mkataba wa usiri.

Wiki iliyopita ilikuja picha ya watu watatu shambani, mmoja ana kitu begani. Nimekulia kijijini, mimi naona jembe. Lakini sina uhakika, na hakuna pa kuandika kuwa sina uhakika. Usipochagua, picha nyingine haiji, na ukichelewa alama zako za ubora zinashuka. Nikachagua "kitu kirefu". Tangu siku hiyo silali vizuri.

Nina mtoto mmoja na mama ananitegemea. Kama hii ni silaha, nina kosa kisheria? Niache kazi au niendelee?

Kipanga_wa_Mabibo

Dada, pole. Usijihukumu kwa jambo usilolijua. Kamera za joto hata askari wa wanyamapori wanazitumia kusaka majangili usiku. Na ukiondoka leo, kesho kiti chako kina mtu. Mtoto ale kwanza.

Mzee Kombati

Binti yangu, marahaba. Nimestaafu jeshini, nilikuwa Goma na kikosi cha UN. Ndege zisizo na rubani za UN zilianza kuruka pale Desemba 2013, za kupiga picha tu, hazikuwa na silaha. Kule Kivu kila mtu ana kitu kirefu begani: mama ana kuni, kijana ana muwa, mkulima ana jembe. Sisi tulisubiri tukamwangalia anavyotembea, anaongea na nani, ana watoto nyuma yake au hana. Wakati mwingine tulisubiri saa nzima juani. Na mtu akitupa bunduki akainua mikono, hapigwi, hata kama dakika moja nyuma alikuwa anakurushia risasi. Sijui kijisanduku chako kitayaonaje hayo.

WakiliMnyonge

Nianze na swali la kosa. Kwa ulivyoeleza, sioni jinai. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), unataka msaidizi wa uhalifu wa kivita awe amekusudia kuurahisisha. Wewe hata mteja humjui.

Ila hilo jembe lako ndilo lenye uzito. Kifungu cha 50 cha Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva inayohusu sheria za vita, ambayo Kenya na Tanzania zote zimeiridhia, kinasema pakiwa na shaka kama mtu ni raia, ahesabiwe kuwa raia. Kifungu cha 57 kinamtaka anayepanga shambulio afanye kila linalowezekana kuhakikisha kwamba anayelengwa si raia, na asitishe ikibainika ni raia. Sasa wewe ulikuwa na shaka, na shaka yako haikuandikwa popote. Kamanda akiona kwenye skrini "mtu mwenye kitu kirefu" hatajua kwamba aliyeweka alama ile aliona jembe. Kifungu cha 36 kinaitaka nchi ikague silaha mpya kabla ya kuitumia, lakini mkaguzi ataionaje shaka iliyofutwa Nairobi?

Omba kwa maandishi kiongezwe chaguo la "sina uhakika", na uulize mradi ni wa matumizi gani. Usipige nakala ya picha hata moja, mkataba wa usiri utakubana hapo. Mpelekee wakili wa kazi mkataba wako ausome kabla hujafanya lolote jingine.

Nahodha77

Wakili, binadamu naye anakosea. Julai 3, 1988 meli ya Marekani, USS Vincennes, iliangusha ndege ya abiria ya Iran, wakafa watu 290. Mtambo ulionyesha ndege inapanda, mabaharia wakaamini inashuka kuwavamia.

WakiliMnyonge

Ni kweli, na mfano wako nauheshimu. Lakini walikuwepo watu wa kuhojiwa waliona nini na waliamua nini. Iran ilifungua kesi The Hague, na mwaka 1996 Marekani ikakubali kulipa familia dola milioni 61.8. Silaha ikichagua shabaha yenyewe, tutamhoji nani? Ndiyo maana Oktoba 2023 Katibu Mkuu wa UN na rais wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walizitaka nchi zikamilishe mkataba wa kudhibiti silaha za namna hiyo ifikapo 2026.

Asha wa Kilimani

Kipanga, ni kweli mtu mmoja akiondoka wanamweka mwingine. Wengi ni habari nyingine. Mwaka 2018 wafanyakazi zaidi ya 3,000 wa Google walisaini barua kupinga mradi wa Maven wa jeshi la Marekani, uliochambua picha za droni. Google haikuongeza mkataba ule. BintiMuheza, usiandike barua peke yako.

BintiMuheza

Asanteni sana, Mungu awabariki. Barua imeenda jana, tumesaini watu sita. Msimamizi amejibu kwa mdomo kwamba tuchague kilicho karibu zaidi. Nimemwomba aandike hivyo, bado hajaandika. Nimeomba pia kurudishwa kwenye picha za barabarani, japo malipo ni madogo. Mzee Kombati, nimesoma maneno yako mara nyingi. Tangu asubuhi picha za namna ile zimekuja nne, zote nimechagua "mtu". Alama zangu za ubora zimeshaanza kushuka.