Tupeane uzoefu: unapitaje na mashine ya kukata majani ili usizunguke bure?

Mwanzisha uzi
Salaam wanabaraza. Masika yamekolea, majani yanapanda usiku na mchana. Uzi huu ni wa jambo moja tu: ukishawasha mashine, unaanzia wapi, unageuzia wapi, unamalizia wapi. Njooni na vipimo.

Naanza mimi. Kinachokula muda ni kona. Chukua uwanja wa mita 20 kwa 10 na mashine ya kusukuma yenye kisu cha sentimita 46. Kila mstari uulalie mwenziwe kwa sentimita 6, ili usiache masharubu, yaani vijistari visivyokatwa, katikati. Unabaki na upana wa sentimita 40. Ukifuata urefu ni mistari 25, unageuza mara 24. Ukifuata upana ni mistari 50, unageuza mara 49. Mwendo ni uleule, mita 500, ila kona 25 za ziada kwa sekunde tano tano ni dakika mbili za jasho la bure. Fuata upande mrefu.

Bamburi_kijani
Sawa, lakini kabla ya mistari zunguka ukingoni mara mbili. Hapo ndipo pa kugeuzia. Bila hivyo utageuzia kwenye maua. Na kona zenyewe zina namna yake. Ardhi ya huku pwani ni mchanga wa matumbawe, mizizi haina pa kushika. Ukiizungusha mashine papo hapo kwa gurudumu moja, majani yanang'oka na kubaki kiduara cha mchanga mtupu. Kandamiza mpini magurudumu ya mbele yainuke, rudi nyuma hatua moja, geuza, kisha lenga gurudumu juu ya alama ya mstari uliotoka.

Fundi wa Kizingo
Mmesahau mdomo wa kutemea majani. Mashine nyingi zisizo na mfuko wa kukusanyia majani hutema kulia. Ile mizunguko miwili ya kwanza enda kama mshale wa saa, kulia kwako kuwe ndani, usirushe kokoto kwenye gari au kioo cha jirani. Baada ya hapo geuza mwelekeo: zunguka kinyume cha saa ukiingia ndani, majani yaangukie palipokwisha kukatwa. Ukiendelea kutema kwenye majani mabichi, kisu kinakata mzigo ule ule mara mbili, injini inagugumia na mafungu mafungu yanabaki nyuma. Kwa hivyo mistari ya kwenda na kurudi ni ya mwenye mfuko au mashine inayotema nyuma. Asiye navyo, aende kwa mzunguko.

Mwanzisha uzi
Hapo umenishika, yakhe. Hesabu yangu ni ya mashine yenye mfuko.

Tudor_bustani
Na minazi je? Uwanja mtupu wa mstatili ni wa kwenye daftari. Zungushia kila mti mara moja kwanza, ukiacha shibiri moja ya kumalizia kwa fyekeo. Kisu kikipapasa shina la mti mchanga gome linachubuka. Halafu pita na mistari kana kwamba mti haupo: ukifika kwenye duara, likwepe na uendelee upande wa pili. Uwanja wa pembe kama L ugawe vipande viwili, kila kimoja kifuate urefu wake. Wa pembetatu, enda sambamba na upande mrefu kuliko yote, mistari mifupi iishie penye ncha. Na uokote makuti, vidaka (nazi changa zilizoanguka) na vipande vya matumbawe kabla ya kuwasha!

Mgeni_Shanzu
Kwangu kuna mteremko kuelekea mtaroni. Nipande na kushuka?

Fundi wa Kizingo
La, ndugu yangu. Mashine ya kusukuma ipite kukingama mteremko, ili mguu ukiteleza isikuangukie wala usiivute juu ya nyayo zako. Ile ya kukalia ndiyo hupanda na kushuka, maana ikikingama inaweza kupinduka. Na majani yakiwa na maji, acha kabisa. Subiri umande ukauke, au kata kuanzia saa kumi jioni.

Bamburi_kijani
Nyongeza: wiki hii ukienda kwa urefu, wiki ijayo enda kwa upana au mshazari, hata kama kona zinaongezeka. Magurudumu yakifuata njia ile ile kila wiki, mchanga unashindiliwa na majani yanalala upande mmoja, kisu kinayapita juu bila kuyakata. Nyasi ya Pemba isishuke chini ya sentimita 5, na usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mkato mmoja. Yakishakuwa msitu, pandisha kisu, pita mara ya kwanza, rudi baada ya siku tatu nne.

Tudor_bustani
Masharubu yakibaki hata ukilalisha mistari vizuri, kosa si njia, ni kisu. Mchanga unakula makali haraka. Ncha za majani zikiwa zimechanika na kugeuka nyeupe, kinoe. Chomoa waya wa plagi ya injini kwanza, kisha ulaze mashine chujio la hewa likiwa juu, oili isiingie kabureta. Ukimaliza kwangua majani yaliyoganda chini na ukaushe. Kwa hewa ya chumvi ya huku, bati likilala na unyevu asubuhi lina kutu.

Mgeni_Shanzu
Shukran. Kumbe nyeupe ile nilidhani ni ugonjwa.