Mama ana COPD, majibu ya damu mazuri ila hali yake sivyo

KoroshoNyeupe: Wakuu, mama yangu yuko Tandahimba, miaka yote kapika kwa kuni na msimu wa kupulizia mikorosho anashinda kwenye vumbi la salfa, sasa kaambiwa ana COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa. Damu kapimwa CRP imerudi kawaida lakini akitembea kidogo tu anasimama kuvuta pumzi, usiku halali. Sasa hapo nielewe nini jamani?

Mwanalindi: Pole sana ndugu. CRP inaonyesha uvimbe mwilini, inapanda hata kwa malaria, kwahiyo ikiwa kawaida haina maana mapafu yamepona. COPD inathibitishwa kwa spairometri, ile ya kupuliza kwa nguvu. Kwenye FBP yake, kile kipimo cha picha kamili ya damu, muulize daktari eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu), zikifika 300 kwa maikrolita inhela (dawa ya kuvuta kwa mdomo) yenye steroidi huwa inasaidia zaidi kupunguza kuzidiwa, chini ya 100 faida ni ndogo na hatari ya nimonia inaongezeka.

BintiMikindani: Na maisha yake nayo yanapimwa, kuna maswali 8 yanaitwa CAT: kikohozi, makohozi, kifua kubana, kupanda mlima, kazi za nyumbani, kutoka nje bila hofu, usingizi na nguvu, kila moja 0 mpaka 5, jumla ikianzia 10 dalili zinahesabiwa nzito. Ajibu mwenyewe msimsemee, maana mama zetu ukiwauliza wanasema sijambo tu. Halafu kwenye moshi mtoeni kabisa!

KoroshoNyeupe: Asanteni sana, kliniki ijayo naenda naye mwenyewe, jikoni kaingia mdogo wangu na tunatafuta mtungi wa gesi.