Visu vizito vya bei kali: vinalipa kweli au tunalipia jina?

Kigingi (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Naomba ushauri kwa wenye uzoefu. Natafuta kisu cha kazi ngumu: kuchonga vigingi, kukata matawi, kupasua kuni ndogo kwa kukigonga mgongoni, na mara mojamoja kung'oa mzizi unaosumbua. Kazi hizi nazifanyia mbali na watu, na kifaa kikivunjika huko hakuna pa kuazima.

Nimeviangalia vile vyenye bapa la unene wa milimita 6. Kimoja kinakula bei ya visu vya kawaida saba au nane. Muuzaji anasisitiza kuwa "hicho ni cha maisha". Ninachotaka kujua ni hiki: hiyo tofauti ya bei inaenda wapi? Kwenye chuma, kwenye utengenezaji, au kwenye nembo? Natanguliza shukrani.

Tupa na Kinoo

Mkuu, kazi yangu ni kunoa visu vya watu, kwa hiyo vya kila bei vinapita mikononi mwangu. Tofauti ipo, ila haipo pale wanunuzi wengi wanapoitafuta. Mtu anakishika kisu, anakiona kinene, kizito, anaridhika. Unene ni rahisi kuutengeneza. Kigumu ni moto.

Chukua chuma cha 1095, ambacho kimezoeleka sana kwenye visu vizito. Kina kaboni karibu asilimia 0.95. Kinapashwa mpaka nyuzi 800 na kitu, kinazamishwa kwenye mafuta, kinatoka kigumu lakini chepesi kuvunjika. Kisha kinarudishwa kwenye joto dogo, nyuzi 200 hivi, kikae humo muda wa kutosha ili kipungue ukali wa ugumu na kipate ustahimilivu. Hatua hiyo ya pili ikifanywa haraka haraka, au joto lisipoenea sawasawa, chuma kilekile kinakuwa na tabia nyingine kabisa. Ama makali yanamegeka, ama yanajikunja kama bati. Kiwanda makini kinagharimia tanuri zenye udhibiti mzuri, kinapima ugumu, na kinatupa vilivyoharibika. Gharama hiyo huioni kwa macho, lakini ndiyo pekee ninayokushauri uilipie.

Kwa kipimo cha ugumu wa chuma kinachoitwa Rockwell, kisu cha kugonga na kukatia kinafaa kiwe 56 hadi 58 hivi. Vile vyembamba vya jikoni vya Kijapani mara nyingi vinapita 60. Vinakata vizuri sana, ila ukivipiga kwenye fundo la mti vinatoka na pengo.

Shoka Dogo

Kaka, usinunue. Panga jepesi na kisu kimoja chembamba vitakufanyia kazi zote ulizotaja, na utabaki na pesa. Visu vya Mora vya Uswidi ni vya bei ndogo. Ile Companion Heavy Duty ina unene wa milimita 3.2 na inachonga vigingi vizuri kuliko hayo madude ya milimita 6.

Mgongo Mnene

Shoka Dogo, naheshimu maoni yako ila Mora hiyo msuka wake, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini, hauendi mpaka mwisho wa mpini. Mleta uzi amesema atakuwa anapasua kuni kwa kugonga. Kwa kazi hiyo nataka msuka mzima, bapa na msuka viwe kipande kimoja cha chuma mpaka kitakoni mwa mpini. Mimi ninacho kizito cha 1095, cha bei hiyohiyo anayoitaja, nimekitumia kwa miaka mingi. Mpini haujawahi kulegea. Kinashika kutu nisipokipaka mafuta, hilo ni kweli, na kunoa kwake kunahitaji subira. Lakini nikiwa nacho kiunoni sina wasiwasi kwamba kitanivunjikia, na utulivu huo nao una thamani.

Pembe Ishirini

Hapa kwenye unene panahitaji hesabu kidogo, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Ukakamavu wa bapa, yaani jinsi linavyokataa kupinda, haupandi sambamba na unene. Ukiongeza unene mara mbili, ukakamavu unapanda mara nane. Maana yake bapa la milimita 4 tayari ni kakamavu sana. Kutoka hapo kwenda 6 unajiongezea nguvu ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuitumia, isipokuwa kama unataka kisu kiwe mtaimbo. Unachokipata kwa uhakika ni uzito, na kabari nene inayopasua mti badala ya kuukata. Jaribu kuchonga ncha ya kigingi kwa kisu cha namna hiyo, utaona kinavyokataa kuzama.

Kwa hiyo dada yenu nasema hivi: milimita 4 hadi 5, msuka mzima, makali yawe pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande. Chini ya hapo yatameguka ukigonga fundo, juu ya hapo utakuwa unasukuma tu.

Kigingi (mleta uzi)

Dada Pembe Ishirini, shukrani, hiyo ya ukakamavu sikuijua. Shoka Dogo, tatizo langu na vifaa viwili ni mzigo. Natembea sana, kila kitu nakibeba mgongoni.

Shoka Dogo

Vipime kwanza. Becker BK2, ambacho ni mfano halisi wa kisu kizito, kina karibu gramu 450 kabla ya ala. Panga jepesi pamoja na Mora havipishani sana na hapo, na unapata urefu wa kukata matawi ambao kisu kifupi hakiwezi kukupa hata kiwe cha chuma gani.

Mgongo Mnene

Uzito hapo nakubaliana nawe. Ila jambo moja halijasemwa: dhamana. Kampuni kama ESEE inajulikana kwa kubadilisha kisu kilichovunjika, na haiangalii kama wewe ndiye mnunuzi wa kwanza. Sehemu ya bei inalipia hilo.

Pembe Ishirini

Dhamana ni nzuri kwa anayeishi karibu na posta inayofanya kazi na ambaye ada ya kutuma nje si mzigo kwake. Kwa mtu ambaye kisu kitamvunjikia porini, dhamana haimsaidii siku hiyo. Niongeze kidogo kuhusu cha kukagua kabla ya kulipa, kwa kisu cha bei yoyote ile.

Angalia pale bapa linapoingia kwenye mpini. Kama kona imekatwa mraba kabisa, bila mviringo, hapo ndipo kitakapoanzia kupasuka, kwa sababu nguvu zote za pigo zinakusanyika kwenye kona kali. Soma maandishi kwenye bapa. "440" bila herufi nyuma yake haikwambii mengi, kwani 440A na 440C zimetofautiana mbali kwa kaboni. Maneno ya kwamba chuma ni cha upasuaji wa hospitali yapuuze. Na michoro ya mawimbi kwenye visu vya bei rahisi mara nyingine ni asidi tu iliyochora juu ya chuma cha kawaida.

Jina la chuma nalo lisikutishe. D2 ina kaboni asilimia 1.5 na kromiamu 12 hivi, inatunza makali muda mrefu, lakini kwa kugonga magogo siipendi, inamegeka. 5160 ina kaboni 0.6 tu, ndiyo ya springi za magari, haitunzi makali kama D2 ila inavumilia mapigo. CPM 3V inakupa vyote viwili kwa kiasi kikubwa, na hapo ndipo bei inapopanda kwa sababu ya kueleweka: chuma chenyewe kinatengenezwa kwa unga wa metali, na ni kigumu kukisaga.

Kigingi (mleta uzi)

Umenigusa hapo kwenye 5160. Kuna mhunzi anafua visu kwa springi za magari, bei yake ni kama theluthi ya hicho cha kiwandani. Anafaa?

Tupa na Kinoo

Anaweza kufaa kuliko kiwanda, mkuu, kama anaujua moto. Springi iliyokwisha tumika inaweza kuwa na nyufa usizoziona, na si kila springi ni 5160, kwa hiyo muulize kama anatumia chuma kipya au cha mitumba. Muulize pia anarudisha joto kwa muda gani baada ya kuzamisha kwenye mafuta. Akikuambia hatua hiyo haihitajiki, ondoka.

Halafu mwombe akujaribie makali mbele yako. Chukua ufito wa shaba, ulaze mezani, ukandamize makali juu yake kwa pembe ndogo mpaka uone yamepinda kidogo. Ukiachia yakarudi yalivyokuwa, moto wake ni mzuri. Yakibaki yamepinda, chuma ni laini mno. Yakitoka na pengo, ni kigumu mno kwa kazi zako. Mhunzi anayejiamini hatakataa jaribio hilo.

Na ukishakipata, usikinoe kwa grainda. Makali yakishapata rangi ya buluu, joto limefika nyuzi 300 hivi na kazi yote ya tanuri imeharibika sehemu hiyo. Tumia kinoo na maji, au tupa laini kama makali yamekwisha kabisa.

Shoka Dogo

Kwa huyo mhunzi naondoa pingamizi. Mwambie tu asizidishe milimita 5.

Kigingi (mleta uzi)

Wakuu, na dada yetu, asanteni sana. Cha kiwandani nimekiacha. Naenda kwa mhunzi na ufito wangu wa shaba. Nitamwomba unene wa milimita 4 na nusu, msuka mzima, kona ya mviringo. Makali yakirudi kwenye ufito nalipa, yasiporudi nachukua panga na Mora. Nitaleta mrejesho hapahapa.