Tupeane uzoefu: bafle za kujitengenezea na kuzivika plakaji

Fundi wa Katuba
Jambo yenu. Kiangazi kimeshika hapa Lubumbashi, na wengi wetu tuko kwenye meza ya kazi tukimalizia bafle, yaani masanduku ya spika, za kupeleka kwenye mkutano, pale ambapo kila mtu analeta jozi yake na tunasikilizana. Mara iliyopita masanduku mengi yalikuja na rangi nyeusi. Natamani safari hii tuone mbao. Katanga ina mulombwa, ina mukula, kwa nini tufunike kila kitu na dawa ya kupuliza? Basi tuelezane: sanduku ulilijengaje, plakaji (karatasi nyembamba ya mbao inayobandikwa juu ya sanduku) uliipata wapi, kole (gundi) gani, na imekaa?

Naanza mimi. Sanduku langu ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa na kole) ya milimita 18, ujazo wa ndani lita 20 baada ya kutoa nafasi ya spika, bomba na mihimili. Bomba, lile linalopitisha hewa ya sanduku kutoka nje, ni PVC ya maji, kipenyo cha ndani sentimita 5, urefu sentimita 12. Kwa ujazo huo linaitikia karibu na hertz 43, na besi ya rumba inasikika nota kwa nota. Nyuma ya hesabu hizi wako Neville Thiele wa Australia, aliyeonyesha mwaka 1961 jinsi tabia ya spika inavyokuambia ukubwa wa sanduku lake lenye bomba, na Richard Small aliyeiendeleza kazi hiyo miaka ya 1970. Ndiyo maana nawaomba vijana: spika isiyo na vipimo vyake, vipime kwanza ndipo uguse msumeno.

Sasa plakaji. Ninachokishikilia ni hiki: iamue kabla ya kukata ubao wa kwanza. Ukingo mkali utaipasua au utaacha mstari mweusi wa kole. Ukitaka pembe za mbele ziwe za duara, chagua upande ambao nyuzi za mbao zinakwenda sambamba na pembe, vinginevyo itavunjika ukiikunja. Na kuna mpangilio: chini, nyuma, ubavuni, juu, mbele mwisho, ili anayekaa kusikiliza asione unene wa karatasi yoyote.

Yangu ni ya milimita 0.6. Napaka kole nyeupe ya maseremala kwenye sanduku na mgongoni mwa plakaji, kwa rola ndogo. Kingo za MDF zinanywa sana, kwa hiyo zinapata mkono wa pili. Naacha mpaka weupe wote upotee na kidole kisinate. Halafu pasi ya moto wa kati, bila mvuke, kutoka katikati kwenda pembeni, na mkono mwingine unafuata na kipande cha mbao laini ukikandamiza sehemu iliyopitiwa hadi ipoe. Nikimaliza nagonga uso wote kwa ukucha. Palipokufa sauti pameshika. Panapolia wazi kuna hewa. Hapo napasua kidogo kwa wembe kufuata nyuzi, naingiza kole kwa sindano ya hospitali, napiga pasi tena. Kingo nazikata kwa tupa, kusukuma kuelekea chini tu. Ukivuta kurudi juu, unang'oa vipande.

Seremala wa Ruashi
Aksanti mukubwa. Mimi situmii karatasi ya dukani. Napasua mulombwa mwenyewe, milimita 2, kwa msumeno wa mkanda, kisha randa. Vipande viwili vilivyofuatana ndani ya gogo navifungua ubavu kwa ubavu, michoro inatazamana. Hakuna verni inayoweza kuleta uzuri huo.

Lakini milimita 2 ni mbao kamili, na inafanya kazi kama mbao. Ukivika upande wa nje tu, ubao utajikunja, hasa sasa hivi hewa ilivyo kavu. Vika na ndani, hata kwa mbao ya bei nafuu, unene uleule, siku hiyohiyo. Na mbao yako ikae chumbani utakamofanyia kazi kabla ya kuipaka kole. Iliyokatwa wakati wa mvua na kuvikwa haraka, ikifika mwezi wa saba inafunguka kwenye maungio. Nimeletewa masanduku ya namna hiyo kutengeneza, kazi yake ni ndefu kuliko kuvika upya.

Funga pua na kitambaa. Vumbi la mulombwa linawasha.

Mama Bobini, Kamalondo
Nyinyi mnaongea ngozi, mimi niongee moyo. Kwetu tunasuka upya mota za pampu na za mashine za kusaga, kwa hiyo waya wa shaba wenye verni upo. Njooni kwa mafundi wa bobinaji kabla ya kuagiza mbali.

Wufa (spika ya besi) ya ohm 8, ili sauti za juu zikatwe kuanzia karibu na hertz 2,500 kwa njia rahisi, bobini yake (waya uliozungushwa) ni kama milihenri 0.5. Twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya ohm 8 yenye kapasita moja ya mikrofaradi 4.7 inaanza karibu na hertz 4,200. Mkiziunganisha hizo mbili mtaacha shimo katikati, na ndilo ninalolisikia kwenye bafle nyingi nzuri za kutazama: sauti ya mwimbaji imerudi nyuma. Bobini mbili zisikae karibu wala zisielekeane. Moja ilale, moja isimame.

Na kabla ya kufunga, chukueni betri ya volti 1.5. Gusisha chanya kwa chanya, karatasi ya wufa lazima itoke nje. Ikizama ndani, alama imegeuzwa. Spika zinazotolewa kwenye magari ya zamani zipimeni hivyo zote, na kumbukeni nyingi ni ohm 4.

Kadogo wa Bukavu
Yaya Fundi, huku kwetu umeme unakatika katikati ya kazi. Naweza kutumia kole ya neoprene ya washona viatu? Au pasi ya makaa?

Fundi wa Katuba
Kadogo, pasi ya makaa inafaa. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, na weka karatasi safi katikati, majivu yasiingie kwenye nyuzi. Neoprene inashika palepale, huwezi kusogeza tena. Tandaza vijiti juu ya sanduku, laza plakaji juu yake, kisha toa kijiti kimoja kimoja ukikandamiza. Ila verni yenye dawa kali ikipenya kwenye vitundu vya mbao inaweza kuilegeza, na hapo yanatoka malengelenge.

Mama Bobini, hilo la shimo nakubaliana nalo kabisa. Nitakuja wiki hii na wufa zangu tuhesabu upya.

Kadogo wa Bukavu
Na juu nimalizie na nini, yaya?

Seremala wa Ruashi
Kama umetumia kole nyeupe, mafuta ya kitani, tabaka nyembamba, futa yanayobaki, acha ikauke vizuri kabla ya tabaka la pili. Vitambaa vyenye mafuta hayo usivikunje ukavitupa pembeni, vinaweza kuwaka vyenyewe. Vianike vimetandazwa nje.