Bimu isiyo na ringi: kwa nini jibu la kompyuta linashuka kila ninapopunguza ukubwa wa elementi?

Nondo12 ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu matumizi ya uchanganuzi wa elementi finiti (njia ya kompyuta inayougawa muundo katika vipande vidogo viitwavyo elementi) katika miundo ya zege lenye nondo, na nimekwama mahali ambapo msimamizi wangu amenitaka nitafute jibu mwenyewe kabla sijarudi ofisini kwake.

Nilimwaga bimu tatu, kila moja ikiwa na upana wa mm 150, kimo cha mm 250 na nafasi ya mita 1.8 kati ya egemeo na egemeo. Chini niliweka nondo mbili za mm 12, ambazo zilipovutwa maabara zilianza kulegea kwenye mkazo wa MPa 500 (megapaskali, yaani nyutoni kwa kila milimita ya mraba). Bimu A ina ringi (nondo nyembamba zinazozunguka nondo kuu) za mm 8 kila baada ya mm 100, lakini bimu B na C hazina ringi kabisa kati ya egemeo na mzigo. Mzigo unashuka katika sehemu mbili, kila moja mm 600 kutoka kwenye egemeo lake. Michemraba ya siku 28 ilitoa wastani wa MPa 41, nami nikaizidisha kwa 0.8 ili nipate nguvu ya silinda, yaani takriban MPa 33. Nguvu ya zege katika kuvutwa nimeiweka MPa 2.6.

Bimu A ilifika mzigo wa jumla wa kN (kilonyutoni) 76 huku ikipinda polepole na nyufa zake za wima zikifunguka chini ya macho yetu. Bimu B haikutupa nafasi ya kujiandaa: ilipofika kN 61 ulisikika mlio kama wa ubao unaovunjika, na ufa wa mshazari ukafunguka kutoka karibu na egemeo hadi chini ya mzigo, mpana kiasi cha kuingiza sarafu.

Kwenye programu, bimu A ilinipa kN 74, nikafurahi. Kwa bimu B, elementi za mm 50 zilinipa kN 72, za mm 25 zikanipa kN 63, na za mm 12.5 zikanipa kN 54. Nilifundishwa kwamba wavu wa elementi ukiwa na matundu madogo zaidi jibu hukaribia ukweli, lakini hapa linaukaribia kisha linaupita na kuendelea kushuka. Aidha, bimu A ilipobeba kN 50 katikati yake ilishuka mm 6 maabara, ilhali programu inasema mm 3.5 tu. Mwenzangu mmoja ananishauri niandike matokeo ya mm 25 kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu na 61, lakini nafsi yangu inakataa. Naombeni mwongozo.

UfaMshazari amejibu:

Ndugu Nondo12, nafsi yako imekataa kwa haki, na nitakuonyesha sababu kwa namba zako mwenyewe.

Nadhani ulipoingiza tabia ya zege baada ya kupasuka, uliiambia programu kwamba mkazo wa kuvutwa ushuke kutoka 2.6 hadi sifuri zege linapofikia kiwango fulani cha kurefuka, labda 0.002, kwa kuwa ndiyo namba inayoonekana katika mifano mingi. Tatizo ni kwamba ufa haujui kiwango cha kurefuka. Ufa unajua upana wake, na unajua nishati inayohitajika ili kila milimita ya mraba ya uso wake ifunguke. Programu ya aina yako haichori ufa halisi, bali huueneza ndani ya upana wote wa elementi, na njia hiyo ya kueneza ufa imetumika tangu Rashid alipoipendekeza mwaka 1968. Ukishaueneza, nishati inayotumika kufungua ufa mmoja inakuwa eneo lililo chini ya mchoro wa mkazo likizidishwa kwa ukubwa wa elementi. Chukua nusu ya 2.6, zidisha kwa 0.002, kisha zidisha kwa 50: unapata N 0.13 kwa kila milimita, sawa na N 130 kwa mita. Kwa elementi za mm 25 unapata 65, na kwa zile za mm 12.5 unapata chini ya 33. Kwa hiyo kila ulipopunguza ukubwa wa elementi ulikuwa unabadilisha nyenzo bila kukusudia, na zege lako likawa tete mara mbili zaidi ya lilivyokuwa. Hukuwa unachanganua bimu moja kwa nyavu tatu. Ulikuwa unachanganua bimu za zege la aina tatu.

Dawa yake ni ya mwaka 1983, nayo ni nadharia ya ukanda wa ufa ya Bažant na Oh. Unaanza na nishati ya mpasuko ya zege lenyewe, ambayo haitegemei wavu. Kanuni ya Model Code 2010, mwongozo wa kimataifa wa usanifu wa zege, inasema ni 73 ikizidishwa kwa nguvu ya wastani ya silinda iliyopandishwa kwa kipeo 0.18, na kwa MPa 33 unapata takriban N 137 kwa mita. Kisha unarudi nyuma: kiwango cha mwisho cha kurefuka ni mara mbili ya nishati hiyo, ikigawanywa kwa nguvu ya kuvutwa na kwa ukubwa wa elementi. Kwa mm 50 utapata 0.0021, kwa mm 25 utapata 0.0042, na kwa mm 12.5 utapata 0.0084. Programu nyingi zinakubali uingize nishati ya mpasuko, au uhusiano wa mkazo na upana wa ufa, zikafanya hesabu hii zenyewe.

Sasa tazama jambo ambalo mwenzako hakuliona. Kwa elementi za mm 50 nishati yako ilikuwa karibu sahihi, 130 badala ya 137, lakini elementi tano tu katika kimo cha bimu haziwezi kuufuata ufa wa mshazari, ndiyo maana ukapata 72. Kwa mm 25 wavu uliboreka lakini nishati ikawa nusu ya inayotakiwa, na makosa hayo mawili yakafutana yakakupa 63. Namba hiyo iko karibu na ya maabara, lakini haikufika hapo kwa njia halali. Ukiipeleka kwenye bimu yenye kimo kingine haitakuwa na kinga yoyote.

Kuhusu bimu A, usiitegemee sana furaha yake. Bimu inayokufa kwa kupinda inatawaliwa na nondo, na tabia ya zege katika kuvutwa inaweza kukosewa vibaya bila mzigo wa mwisho kutikisika. Bimu B ndiyo inayolihoji zege lako.

MzeeWaMaegemeo amejibu:

Marahaba, mwanangu. Aliyetangulia amesema vema kuhusu ufa. Mimi nataka tuzungumzie ile hesabu ya mkononi ambayo sijaiona katika maelezo yako.

Nondo mbili za mm 12 zina eneo la mm² 226, na kwa MPa 500 zinavuta kN 113. Ukitoa sentimita mbili na nusu za kifuniko cha zege, ringi na nusu ya nondo, kina kinachofanya kazi kinabaki mm 211, na mkono wa nguvu, yaani umbali kati ya mvuto wa nondo na mgandamizo wa zege, ni takriban mm 193. Momenti, yaani uwezo wa bimu kuhimili kupinda, ni karibu kNm 21.8, na kwa mpangilio wako wa mizigo hiyo ni kN 73 kwa jumla. Bimu B, kwa kanuni ya Eurocode 2 (kiwango cha Ulaya cha usanifu wa zege) ya bimu zisizo na ringi, ukitumia nguvu za wastani bila vigawanyo vya usalama, inabeba karibu kN 32 za nguvu ya mkato kila upande, yaani kN 64 kwa jumla. Bimu A iliyopasuka na kubeba kN 50 inapaswa kushuka kama mm 3.8 katikati. Hesabu hizi zote hazimalizi upande mmoja wa karatasi. Kama ungekuwa nazo mezani kabla ya kuwasha kompyuta, ile 72 ya bimu B ingekushtua siku hiyohiyo, kwa kuwa ingekuambia kwamba bimu isiyo na ringi ina nguvu sawa na yenye ringi.

Nasisitiza hivyo kwa sababu ya jukwaa la Sleipner A. Lilikuwa jukwaa kubwa la zege la kuchimbia gesi, lililokusudiwa kusimama katika maji ya kina cha mita 82 katika Bahari ya Kaskazini. Tarehe 23 Agosti 1991 lilikuwa likizamishwa taratibu kwa majaribio katika Gandsfjorden, karibu na Stavanger nchini Norwei, pale ukuta wa seli moja ulipopasuka na maji yakaingia kwa kasi ambayo pampu hazikuiweza. Hakuna aliyekufa, lakini jukwaa zima lilipotea, na hasara ikakadiriwa kufikia takriban dola za Marekani milioni 700. Uchunguzi ulionyesha kwamba pale ambapo kuta za seli tatu zinakutana, wavu wa elementi ulikuwa mpana na wenye maumbo yaliyopotoka, na nguvu ya mkato ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Kuta zikasanifiwa nyembamba kuliko ilivyotakiwa, na nondo za sehemu hiyo hazikutiwa nanga ya kutosha. Uchanganuzi makini uliofanywa baada ya ajali, kwa njia ileile ya elementi finiti, ulionyesha kwamba ukuta ungepasuka katika kina cha mita 62, na kwa kweli ulipasuka katika mita 65. Chombo kilikuwa na uwezo wa kusema kweli, lakini hapakuwa na namba ya pembeni ya kukihoji.

Sasa nakuuliza kuhusu zile mm 6. Hesabu ya mkono inasema 3.8 na programu inasema 3.5, na tofauti hiyo ndogo inaeleweka, kwa kuwa zege lililo kati ya nyufa bado linasaidia nondo. Hizo mm 6 ulizipima wapi, na kwa kifaa gani?

Nondo12 amejibu:

Ahsante sana, mzee wangu, na ahsante UfaMshazari. Ni kweli niliingiza 0.002, na sikuwahi kuihoji.

Kuhusu kipimo, nakiri kwamba namba ya mm 6 nimeichukua kwenye skrini ya mashine yenyewe, yaani ni safari ya kichwa cha mashine kuelekea chini. Tena, kwa kuwa tako la bimu A halikuwa limenyooka, niliweka vipande vya plaiwudi kati ya zege na rola za chuma. Baada ya jaribio nilivikuta vimebonyea, vikiwa na alama ya rola iliyoingia kiasi cha kuhisiwa kwa ukucha. Sikuliandika hilo popote, kwa kuwa sikudhani lina maana.

MzeeWaMaegemeo amejibu:

Basi umeshajijibu. Skrini ilijumlisha kupinda kwa bimu, kubonyea kwa plaiwudi na kulegea kwa fremu ya mashine. Bado unayo bimu C. Iweke juu ya lipu nyembamba ya jasi badala ya plaiwudi, funga geji ya saa chini ya katikati yake na nyingine mbili juu ya maegemeo, halafu toa wastani wa hizo mbili kwenye ile ya katikati.

Kokoto20 amejibu:

Naongeza mawili kwa ufupi. La kwanza, ikiwa kokoto zako zina ukubwa wa hadi mm 20, elementi ya mm 12.5 ni ndogo kuliko kokoto yenyewe. Bažant na Oh walipendekeza ukanda wa ufa wenye upana wa takriban mara tatu ya kokoto kubwa kabisa, kwa hiyo wavu huo utumie kukagua kwamba jibu limetulia, na usiueleze kana kwamba unaona ndani ya zege.

La pili, angalia namna programu inavyochukulia msuguano katika nyuso za ufa. Ukiwa umechagua ufa wenye mwelekeo usiobadilika, kuna namba inayoamua ni kiasi gani cha ugumu wa mkato kinabaki baada ya kupasuka, na katika bimu isiyo na ringi namba hiyo ina sauti kubwa kuliko watu wengi wanavyofikiri. Usiibadilishe hadi ipatikane 61. Kama unataka bimu za watu wengine za kujipimia, tafuta zile 12 za Bresler na Scordelis za mwaka 1963, ambazo baadhi yake hazina ringi, na ambazo Vecchio na Shim walizirudia Toronto na kuchapisha matokeo mwaka 2004.

Nondo12 amejibu:

Wakubwa zangu, narudi na matokeo baada ya wiki mbili.

Bimu C tuliipima juzi kwa geji tatu na maegemeo ya jasi. Kwenye kN 50 katikati ilishuka mm 3.9, na ilipasuka kwa mshazari kwenye kN 59. Kwenye programu nimeingiza nishati ya mpasuko ya N 137 kwa mita, na bila kugusa namba nyingine yoyote nimepata kN 73 kwa mm 50, kN 66 kwa mm 25 na kN 64 kwa mm 12.5. Jibu sasa linatulia, na linatulia pale ilipoangukia hesabu ya mzee, juu kidogo ya bimu zangu mbili.

Kilichobaki kunisumbua ni ufa wenyewe. Katika bimu C niliupima kwa kipimapembe na ukawa na mlalo wa takriban nyuzi 35, ilhali katika programu umesimama karibu na 45, jambo ambalo nadhani linatokana na ule mwelekeo usiobadilika aliousema Kokoto20. Nimeanza kuendesha uchanganuzi mwingine wenye ufa unaogeuka, yaani ambao mwelekeo wake hufuata mkazo, na bado haujamaliza. Ijumaa ninarudi kwa msimamizi nikiwa na namba zote, pamoja na ile 72 ya mwanzo na picha ya plaiwudi.