Bakteria mmoja huwezaje kuwa sugu kwa dawa nne kwa mkupuo?

Swali

Ninasoma biolojia, na kuna hesabu inayonisumbua. Tumefundishwa kwamba usugu hutokana na mabadiliko ya nasibu katika jeni, na kwamba badiliko la kumkinga bakteria dhidi ya dawa fulani hutokea, kwa makadirio, katika seli moja kati ya milioni 10 au hata bilioni 1. Ikiwa ndivyo, seli moja kupata kinga dhidi ya dawa nne kwa pamoja lingekuwa jambo la kusubiri bila kikomo, ilhali vitabu vinawataja bakteria wa namna hiyo kana kwamba ni wa kawaida. Ninakosea wapi?

Jibu la kwanza

Hesabu yako haina kosa. Tatizo ni kudhani kwamba kila bakteria hujitengenezea kinga yake mwenyewe.

Watafiti wa Japani walikabiliwa na fumbo hilihili katika miaka ya 1950, walipokuta Shigella, bakteria wa kuhara damu, wakistahimili salfonamaidi, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini kwa pamoja. Ajabu zaidi, mgonjwa yuleyule aliweza kuwa na Shigella wanaouawa na dawa zote nne, Shigella wasiouawa na hata moja, na E. coli wa utumboni wenye usugu uleule. Kufikia 1959, Akiba na Ochiai walikuwa wameonyesha kwamba usugu huo huhama kutoka kwa E. coli kwenda kwa Shigella wanapochanganywa.

Kinachohama ni plasmidi, yaani duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu na linalojinakili lenyewe. Bakteria aliye nayo hutoa kijiuzi chembamba, humnasa jirani na kumvuta karibu, kisha hupitisha uzi mmoja kati ya nyuzi mbili za DNA hiyo, na kila upande hujijazia uzi uliokosekana. Kwa hiyo anayetoa hapungukiwi na kitu, na aliyepokea naye anaweza kuwa mtoaji. Jeni nne zikikaa katika plasmidi moja, hufika kwa safari moja.

Jibu la pili

Naomba kumuunga mkono aliyetangulia kwa jambo ambalo mtu hujionea maabara. Chukua E. coli wenye plasmidi ya usugu wa ampisilini, na wengine wasio na plasmidi ambao kromosomu yao inawakinga dhidi ya asidi ya nalidiksi. Kila kundi likipandwa peke yake kwenye sahani yenye dawa zote mbili, sahani hubaki tupu. Wachanganye kwanza kwa saa chache katika nyuzijoto 37, kisha uwapande kwenye sahani ya aina hiyohiyo, na kesho yake utakuta vidoa vyeupe vya bakteria wanaostahimili zote mbili.

Njia nyingine zipo. Bakteria wa nimonia huokota DNA iliyoachwa na wenzao waliokufa, jambo ambalo Griffith aliliona mwaka 1928 bila kujua kwamba kinachookotwa ni DNA. Na virusi wanaoshambulia bakteria huweza kubeba kipande cha jeni kwa bahati mbaya, kama Zinder na Lederberg walivyoeleza mwaka 1952.

Hata hivyo, tusiwaweke wote katika kapu moja. Bakteria wa kifua kikuu hupata usugu kwa mabadiliko katika kromosomu yao wenyewe, si kwa kupokezana plasmidi. Huko ndiko hesabu ya muulizaji inakofanya kazi barabara, na ndiyo sababu mgonjwa hupewa dawa kadhaa kwa pamoja.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Je, ni dawa inayoziumba jeni hizo?

Jibu la kwanza

Hapana. Jeni za usugu zimepatikana katika udongo ulioganda kwa miaka 30,000 hivi huko Yukon, Kanada, muda mrefu kabla ya binadamu kutengeneza dawa hizi, kwa kuwa kuvu na bakteria wa udongoni wamekuwa wakitiliana sumu tangu zamani. Dawa huua wasio na kinga na kuwaachia nafasi wenye nayo. Na kwa kuwa jeni zile nne husafiri pamoja, kutumia tetrasaiklini peke yake kunatosha kuhifadhi usugu wa zile tatu nyingine, hata kama mgonjwa hajawahi kuzimeza.